Mlango wa mpangaji: anwani za programu ya wateja wengi zilitoka wapi

Ukiandika programu moja itumiwe na kampuni nyingi, wewe ni kama mwenye ploti. Mabomba ni yaleyale, lakini kila mpangaji anataka mlango wake. Kwenye wavuti mlango ni anwani.

HTTP/1.0, iliyoandikwa rasmi Mei 1996, haikujali hayo. Kivinjari kiliomba "GET /bei.html" tu, bila kulazimika kutaja kinatafuta tovuti gani. Ukitaka tovuti mbili kwenye seva moja, tafuta nambari mbili za IP. Januari 1997 HTTP/1.1 ikalazimisha mstari mmoja zaidi, Host, na ombi lisilo nao linarudishwa na kosa 400. Kwangu mimi, huo mstari ndio uliojenga ploti nzima.

Basecamp ilipofunguliwa 2004, kila mteja alipewa sabdomeni yake. Wengi wakaiga. Ajabu ni kwamba Rails, iliyozaliwa humo humo, haikuweza kuchuja sabdomeni ndani ya routes.rb mpaka toleo la 3.0, Agosti 2010. Kabla ya hapo watu walisoma Host wenyewe ndani ya kontrola.

HTTPS nayo ilileta balaa lake: cheti hutolewa kabla seva haijasoma Host. Dawa yake, SNI, iliandikwa Juni 2003, lakini Internet Explorer kwenye Windows XP haikuielewa kamwe. Cheti cha bure kinachofunika sabdomeni zote kilikuja na Let's Encrypt Machi 2018.

Halafu Basecamp mpya ya 2012 ikaacha sabdomeni! Ikawa basecamp.com, mkwaju, nambari ya akaunti. Ni rahisi kweli, cheti kimoja kinatosha. Ila wapangaji wote wanakaa chini ya domeni moja, na skripti chafu ya mmoja inaweza kusoma kurasa za jirani.

Mimi najengea sacco kadhaa mfumo mmoja, kwa hiyo nimechagua sabdomeni, na kuki isiyowekewa sifa ya Domain haivuki sabdomeni yake. Lakini Host huandikwa na anayebisha hodi, na yeyote anaweza kuandika jina la sacco nyingine. Basi kila swali linaloenda kwenye hifadhidata linabeba sacco_id iliyotoka kwa mwanachama aliyeingia, na isipolingana na sabdomeni, anapata 404 kabla salio la mtu halijaguswa.