Kioo cha Eburru kilisafiri hadi wapi?

Kielekeze juani kibanzi cha obsidiani: ukingo wake hupitisha mwanga, kwingine ni cheusi kama chupa ya zamani. Hiki ni kioo cha volkano, lava iliyopoa upesi hata fuwele zikakosa nafasi ya kujijenga. Huko Kenya kinapatikana kwa wingi kandokando ya Ziwa Naivasha na juu ya Mlima Eburru. Kila chimbuko lina mchanganyiko wake wa zirkoni, rubidi na chuma, nao haupotei kibanzi kikibebwa mbali.

Mwaka 1964 watafiti Cann na Renfrew walitumia kemia hiyo kufuatilia obsidiani za Mediterania. Miaka ya 1980, watafiti wengine, Merrick na Brown, wakazigeukia za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Ila kipimo kilidai kafara: kusaga kidogo, au kumega kijipande. Kijipande tu, utasema, lakini kisu cha jiwe hakioti tena.

Leo kuna kifaa cha mkononi chenye umbo la drili. Mionzi yake ya eksirei huing'oa elektroni ya ndani ya atomu. Elektroni ya nje hushuka kuziba pengo na kutoa mwale ambao nguvu yake huitambulisha elementi. Baada ya dakika chache kibanzi hurudi kwenye droo ya makumbusho kikiwa kizima. Vilivyo vyembamba mno husumbua, kweli. Tena mashine haijui Eburru ni wapi, mpaka mtu apande mlima akaokote mawe ya kulinganishia. Kwangu mimi, miguu hiyo ndiyo nusu ya ugunduzi, ingawa sifa zote huenda kwa mashine.

Na majibu yanashangaza. Huko Olorgesailie, Kenya, yapata miaka 300,000 iliyopita, watu walitumia obsidiani iliyotoka kilomita 25 hadi 50, nyingine mbali zaidi. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, vimepatikana vibanzi vichache kutoka Bonde la Ufa la Kenya, mwendo wa kilomita 300 hivi.

Wafugaji wa utamaduni wa Elmenteita, miaka 3,000 hivi iliyopita, walikuwa wachaguzi hasa. Walipenda obsidiani ya kijani ya Eburru, wakaifikisha hadi Gogo Falls, karibu na Ziwa Victoria, huku wafugaji wenzao wa zama hizo wakitosheka na ya kijivu ya bonde la Naivasha.