Walimwaga Dawa, Wakaua Wasafishaji

Wasee, hadithi za roketi huwa zinarukaruka sehemu moja. Pale Cape Canaveral, Florida, kuna kituo nambari 34, kile Apollo 7 iliruka kutoka 1968. Mafundi wa hapo walikuwa wanaosha vyuma vya roketi na kemikali inaitwa trikloroethilini, TCE. Inatoa grisi fiti sana. Inasababisha pia saratani. Iliyomwagika ikaingia ardhini, na kwa sababu ni nzito kuliko maji, haikuelea kama mafuta. Ilizama, ikakaa huko chini ikiyeyuka pole pole.

1980 Marekani ikapitisha sheria ya kusafisha sehemu kama hizo. Kwanza walikuwa wanavuta maji juu na pampu. Miaka inaisha, pampu inanguruma, sumu bado iko. Ndio watu wakageukia kusukuma dawa chini. Pale kituo cha 34, kati ya 1999 na 2000, walijaribu pamanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau ya maabara ya kemia. Inavunja TCE kweli, hilo silipingi.

Lakini kwani huko chini kulikuwa kutupu? 1997 watafiti wa Cornell walitangaza bakteria wa jamii ya Dehalococcoides. Hawa wanapumua TCE vile wewe unapumua oksijeni, wanang'oa klorini moja moja mpaka inabaki ethilini, ambayo haina noma. Bure kabisa, manze. Na hawavumilii oksijeni. Sasa waoge pamanganeti?

Wanaotetea dawa husema vijidudu hurudi baada ya miezi kadhaa. Ni kweli, idadi hupanda. Swali langu ni nani amerudi. Pamanganeti huacha masizi ya kahawia ya manganizi kwenye mchanga, na mazingira hayo yanawafaa wengine kabla ya Dehalococcoides. Wakirudi wale wa kufanya nusu kazi tu, TCE inakwama njiani ikiwa kloridi ya vinili, sumu mbaya kuliko ile ya kwanza. Kwa hivyo mimi naona wangepima walio chini kabla ya kumwaga chochote, si baadaye.

Siku hizi kuna kampuni zinafuga bakteria hao hao na kuwauza, wadungwe ardhini. Mahali pengine wanapelekwa baada ya dawa kupita, kufanya kazi ambayo ndugu zao walikuwa wameianza.