Gesi iliyotoka jikoni ikaenda angani

Friji za kwanza za majumbani zilikuwa zinaua watu. Katika miaka ya 1920, mabomba yake huko Ulaya na Marekani yalizungusha amonia, salfa dayoksaidi au kloridi ya methili, na bomba likivuja usiku waliolala huenda wasiamke. Habari ya familia moja ya Berlin iliyokufa hivyo ilimgusa Albert Einstein hata akakaa na mwenzake Leo Szilard kubuni friji isiyo na kompresa. Walipata hataza Marekani mwaka 1930, lakini friji yao haikuwahi kufika sokoni.

Mwaka huohuo jibu jingine lilitokea. Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors ambaye tayari alikuwa ametia risasi kwenye petroli, alisimama mbele ya wanakemia wenzake mjini Atlanta, akavuta pumzi ya gesi mpya aliyoiunda na wenzake, kisha akaipuliza polepole juu ya mshumaa unaowaka. Mshumaa ukazimika, naye akabaki mzima. Kwa pumzi moja aliwaonyesha kwamba gesi haina sumu na haishiki moto. Ilichemka kwenye nyuzi 30 hivi chini ya sifuri, na gesi ya friji hufanya kazi kwa kuchemka: hufyonza joto la ndani, kompresa ikaibana, joto likatokea nyuma. Ikauzwa kwa jina la Freon, na kifo cha friji kikatoweka majumbani. Hilo Midgley anastahili kushukuriwa.

Tatizo ni kwamba gesi hiyo haiharibiki upesi. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba ikivuja hupanda hadi juu sana, jua huivunja, na klorini inayotoka huitafuna ozoni inayotukinga na mionzi mikali. Viwanda vilibisha kwa miaka. Mwaka 1985 Waingereza watatu wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua, na miaka miwili baadaye mataifa yakatia saini Itifaki ya Montreal ya kupunguza gesi za aina hiyo, ambayo sekretarieti yake iko Nairobi.

Hapa ndipo ninapowalaumu wakubwa wa viwanda. Walipotakiwa kuacha Freon, wengi walichagua ndugu yake asiye na klorini, R-134a. Ozoni haikudhurika nayo, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kama kilo 1,400 hivi za kaboni dayoksaidi katika miaka 100. Wakati huohuo, mwaka 1992, kiwanda kilichokuwa karibu kufungwa huko Scharfenstein, mashariki mwa Ujerumani, kilikubaliana na shirika la Greenpeace kutengeneza friji inayotumia propani na butani. Washindani walionya kwamba friji hizo zitalipuka. Ni gesi zilezile tunazopikia! Mama mwenye mtungi wa kilo 15 pembeni ya jiko aliambiwa aogope gramu chache zilizofungwa ndani ya bomba. Kiwanda chenyewe kilifilisika baadaye, ila leo friji nyingi mpya za nyumbani zina isobutani, aina ya butani, na milipuko iliyotabiriwa imekuwa nadra sana.

Viyoyozi vilibaki nyuma, kwa sababu hubeba gesi nyingi zaidi na hapo hofu ya moto ina msingi. Vingi vilijazwa R-410A, inayopasha joto mara 2,000 hivi kuliko kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana Oktoba 2016 wajumbe walikesha Kigali hadi alfajiri ndipo wakakubaliana kuzipunguza gesi za aina hii. Nchi nyingi zinazoendelea zilitakiwa zisitishe ongezeko la matumizi mwaka 2024, na kufikia 2045 ziwe zimepunguza asilimia 80. Oman na majirani zake wa Ghuba, kwa ajili ya joto lao, walipewa hadi 2028.

Utekelezaji wenyewe umo mikononi mwa fundi. Kiyoyozi kibovu kikishushwa ukutani, mara nyingi bomba hulegezwa tu na gesi yote ikatoka kwa mlio mrefu, maana mashine ya kuivuta irudi mtungini ni ghali na mteja hailipii kazi hiyo. Vikija vya propani, fundi huyohuyo atahitaji kifaa cha kunusa uvujaji na mafunzo ya kufanya kazi mbali na cheche. Serikali zilizokubaliana Kigali zinapaswa kumlipia vyote viwili.