Jukwaa bila pazia: istilahi za tamthilia na aina za majukwaa

Kikundi cha waigizaji kikifika kwenye milima ya Itaba, mkoani Gitega, hakikuti ukumbi wala pazia. Watu hujipanga kwa duara, watoto mbele na wazee kivulini, na nafasi inayobaki katikati ndiyo jukwaa. Wengi hudhani huo ni upungufu. Sivyo. Jukwaa la duara ni aina kamili ya jukwaa, sawa na lile la majumba ya Ulaya ambapo hadhira hukaa upande mmoja na kutazama kana kwamba ipo mbele ya dirisha. Kati ya hayo mawili lipo jukwaa la pande tatu, kama lile la Globe jijini London, lililojengwa mwaka 1599. Wagiriki wa kale nao waliketi kwenye mteremko wa kilima.

Tamthilia ni utungo uliokusudiwa kuigizwa. Igizo ni utendaji wenyewe. Mhusika yumo katika utungo, mwigizaji ni mtu anayemvaa, na mavazi yake huitwa maleba.

Tanzia huishia katika anguko au mauti, kama Juliasi Kaizari ya Shakespeare, iliyofasiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Ramsa huchekesha na kuishia katika suluhu. Mabepari wa Venisi huhesabiwa humo, ingawa Shylock anapoondoka mahakamani si kila mtazamaji atakayecheka. Igizo la redio halina jukwaa kabisa. Sauti hubeba yote. Warundi wanalijua hilo vyema kupitia Umubanyi Niwe Muryango, igizo la Studio Ijambo lililotungwa na Marie-Louise Sibazuri, ambalo tangu mwaka 1997 lilisimulia maisha ya familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi.

Aina inayohitaji duara kuliko zote ni igizo la mjadala, lililoasisiwa na Augusto Boal wa Brazili. Chukua mfano wa binti mjane aliyerudi kwao. Mila haimpi sehemu ya shamba sawa na kaka zake, nao wanamfukuza. Igizo huchezwa hadi afukuzwe, kisha hurudiwa. Safari hii mwongozaji anamruhusu yeyote katika hadhira kupaza sauti, kulisimamisha na kuingia mahali pa binti huyo ili ajaribu njia nyingine: kuwaita wazee, kutafuta mashahidi, kwenda mahakamani. Kwenye jukwaa lililoinuliwa angelazimika kupanda ngazi mbele ya macho ya wote. Katika duara ni hatua moja tu, na hata bibi aliyekaa kimya tangu asubuhi huweza kuipiga.

Mwigizaji wa kaka hapaswi kulegea upesi. Akikubali kwa neno la kwanza, mchezo umeharibika, kwani kaka wa kweli, ambaye huenda amesimama papo hapo katika duara, hatakubali kwa urahisi huo.