“Wafu” kwenye chupa ya sosi

Mswahili akikuta chupa ya sosi ya saladi imeandikwa “Wafu” lazima ashtuke, maana kwetu wafu ni marehemu. Kwa Wajapani neno hilo lina vipande viwili: “wa”, yaani Japani, na “fu”, yaani mtindo. Hulipachika hasa kwenye chakula cha asili ya kigeni kilichotiwa ladha ya kwao, kama tambi za Kitaliano zilizoungwa kwa sosi ya soya na uyoga. Saladi ya mboga mbichi imeingia humo humo. Sosi yake ni ya soya, siki ya mchele na mafuta, mara nyingi pamoja na kitunguu kilichokunwa. Ni nyepesi, ya kahawia, na ikitulia mafuta hupanda juu. Ndiyo maana hutikiswa kwanza.

Sasa, ile nzito ya rangi ya chungwa inayomwagiwa letusi katika mikahawa ya Kijapani huko Marekani ni nyingine kabisa. Hiyo ni karoti na tangawizi mbichi, zimesagwa na kitunguu, siki na mafuta. Chembechembe zake unazihisi ulimini, na ukali wa tangawizi unafuata. Ikiwa nzito ya rangi ya kahawia hafifu na inanukia ufuta uliokaangwa, hiyo ni ya “goma”, neno ambalo kwao ni ufuta wenyewe, si ngoma.

Mnaoandika menyu kwa Kiswahili, ile ya rangi ya chungwa tafadhali iandikeni “sosi ya karoti na tangawizi”. Mlaji ataijua kabla hajaionja.