Jina Ambalo Halikuwa Kwenye Orodha

Wasee, wacha nianze kwa kukiri. Aprili 2024 niliongea upuzi hapa, na wale mlikuwepo mnakumbuka.

Kocha John Calipari alikuwa ameiacha Kentucky baada ya miaka 15 akahamia Arkansas. Kama hufuati basketiboli ya vyuo vya Marekani, shika hii moja tu: Kentucky wana mataji 8 ya kitaifa, na mashabiki wao humjadili kocha vile sisi hujadili siasa, mpaka chai inapoa. Mwezi uliotangulia walikuwa wametolewa mashindanoni na Oakland, chuo cha Michigan ambacho wengi hawakuwa wamewahi kukisikia. 80-76. Kijana mmoja, Jack Gohlke, aliwatandika mitupo 10 ya pointi tatu. Kwa hivyo Calipari alipoenda, wengi hawakulia. Walianza kuandika orodha.

Juu kabisa kulikuwa na Dan Hurley wa UConn, aliyekuwa ametoka kubeba taji mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Akabaki kwake. Akafuata Scott Drew wa Baylor, bingwa wa 2021. Naye akabaki. Halafu Ijumaa, 12 Aprili, jina likatoka: Mark Pope wa BYU.

Manze, watu waliwaka. Pope aliwahi kuwa mmoja wa manahodha wa timu ya Kentucky iliyoshinda taji la 1996, sawa, lakini kama kocha mkuu hakuwa ameshinda hata mechi moja kwenye mashindano ya kitaifa ya NCAA. Hata moja. Na mimi hapa, zaidi ya kilomita 12,000 kutoka huko, mtu wa kutazama mechi saa kumi usiku kwa bando ya kuombaomba, nikarekodi video ya dakika nne nikisema Kentucky imejidharau.

Siku mbili baadaye Pope akatambulishwa Rupp Arena, ukumbi wenye viti zaidi ya 20,000. Ukajaa pomoni. Novemba ile Kentucky ikaipiga Duke 77-72, Duke iliyokuwa na Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyejifunzia mchezo hapa jirani Uganda. Mimi nilikuwa nyuma ya Maluach, kwa hivyo niliumia mara mbili. Machi 2025 Pope akafikisha timu kwenye kumi na sita bora.

Sisemi Pope amemaliza kazi. Msimu mmoja hauthibitishi kitu. Nasema hoja yangu ilikuwa mbovu, na ndiyo ilinifanya nirudi kwenye historia kuangalia: hizi orodha zetu huwa zinapatia mara ngapi?

Twende Duke, 1980. Chuo kinatafuta kocha, na anayechukuliwa ni mtu wa miaka 33 kutoka timu ya chuo cha jeshi, Army, ambaye msimu wake wa mwisho huko alishinda mechi 9 akapoteza 17. Jina lake hata waandishi wa habari walihangaika kuliandika: Krzyzewski. Baada ya misimu mitatu Duke alikuwa ameshinda 38 na kupoteza 47. Mwaka wa 1983 Virginia iliwachapa 109-66. Mashabiki wenye pesa walitaka aende, jana si leo. Mkurugenzi wa michezo, Tom Butters, badala ya kumfuta akamwongezea mkataba. Mzee huyo alistaafu 2022 na ushindi 1,202 na mataji 5.

Rudi nyuma zaidi, UCLA, 1948. Wanamchukua John Wooden kutoka chuo cha ualimu cha Indiana State. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa anangoja simu ya Minnesota, dhoruba ya theluji ikachelewesha simu, na kufikia wakati ilipoingia alikuwa ashakubali UCLA. Taji lake la kwanza lilikuja 1964, msimu wake wa 16. Leo nani angepewa misimu 16 kabla ya taji la kwanza? Kufikia 1975 alikuwa na mataji 10.

Na majina makubwa ya wakati wake pia huanguka. Kentucky yenyewe 2007 ilimchukua Billy Gillispie, kocha aliyekuwa moto wakati huo. Misimu miwili, kwaheri.

Hapa ndipo story nyingi za aina hii huishia: kuwa mvumilivu, usidharau jina dogo. Na hiyo ni kweli nusu. Tusidanganyane, kwa kila Krzyzewski kuna makocha wengi wasiojulikana waliopewa kazi, wakaanguka, na leo hakuna anayewataja. Kutojulikana si sifa.

Kilichonikwamisha mimi ni kingine. Nilipokuwa nasoma kuhusu Duke, nilikutana na mtu ambaye hakuwa juu ya orodha wala chini yake. Hakuwemo kabisa.

Anaitwa John McLendon. Alizaliwa Kansas 1915. Akasoma Chuo Kikuu cha Kansas, na mshauri wake pale alikuwa James Naismith. Ndiyo, Naismith yule aliyebuni basketiboli mwaka wa 1891. Hebu fikiria: unafunzwa mchezo na aliyeubuni, lakini huruhusiwi kuchezea timu ya chuo kwa sababu wewe ni Mweusi. McLendon akachukua masomo yale akaenda nayo Durham, North Carolina, kwenye chuo cha Weusi kilichoitwa North Carolina College for Negroes, akawa kocha mkuu mwaka wa 1940. Akafundisha timu kukimbia, kubana uwanja mzima, kumchosha mpinzani hadi pumzi imwishie. Wakati huo wengi walicheza polepole, kama watu wanaosubiri matatu ijae.

Duke iko Durham hiyo hiyo. Mji mmoja, vyuo viwili, na sheria za ubaguzi katikati. Jumapili asubuhi, 12 Machi 1944, watu wakiwa kanisani, timu ya wanafunzi wa udaktari wa Duke iliingia kisirisiri kwenye ukumbi wa McLendon. Milango ikafungwa. Mechi ya Weusi na Wazungu ilikuwa hatari, watu wangeweza kushikwa au kuumizwa. Vijana wa McLendon walishinda 88-44. Baadaye wakachanganya timu na kucheza tena, pamoja. Halafu wakanyamaza kwa miaka mingi sana.

Sasa sikia hii. Mwaka wa 1950 Duke ilihitaji kocha mkuu. Ikamleta Harold Bradley kutoka Hartwick, chuo kidogo jimbo la New York. Bradley hakuwa mbaya, alifanya kazi yake miaka tisa. Lakini kocha aliyefunzwa na Naismith, aliyeipiga timu ya Duke pointi 44 zaidi, alikuwa anaishi mji huo huo. Duke haikupokea wanafunzi Weusi wa digrii ya kwanza hadi 1963, sasa kocha angepitia wapi? Hakuna kikao kilichokaa kikamlinganisha McLendon na Bradley kikaamua. Hapakuwa na mjadala wa kushinda wala kushindwa.

McLendon aliendelea tu. Akiwa Tennessee A&I alibeba taji la NAIA mara tatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959. Mwaka wa 1966 Cleveland State ilimpa kazi, akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi kwenye chuo kikuu chenye Wazungu wengi. Alikuwa na miaka 51. Miaka yake mitamu ilikuwa imepita akingoja mlango ambao wengine hawakujua hata umefungwa.

Na angalia kilichotokea milango ilipofunguka kidogo. 1972 Georgetown, timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi 3 na kupoteza 23, ilimchukua John Thompson kutoka shule ya sekondari. Mtu wa sekondari! 1984 akawa kocha wa kwanza Mweusi kushinda taji la NCAA. 1997 Kentucky ilimpa kazi Tubby Smith, wa kwanza Mweusi katika kiti hicho, na msimu wake wa kwanza tu, 1998, akaleta taji. Alifanyia kazi ndani ya ukumbi wenye jina la Adolph Rupp, kocha ambaye 1966 alipoteza fainali 72-65 akiwa na timu ya Wazungu watupu dhidi ya Texas Western iliyoanzisha Weusi watano.

Mbona hii inaniuma mimi, kijana wa Nairobi? Kwa sababu nimeshafanya hivyo hivyo.

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu aliyekuwa kocha wetu alihamishwa katikati ya msimu. Sisi wachezaji tukaandika orodha nyuma ya daftari: jamaa aliyechezea chuo fulani, kocha wa shule jirani, binamu ya mtu fulani. Shule ikaleta mmoja wao. Alikuwa na filimbi safi na viatu vya maana, na alikuja mara tatu. Tulitolewa mapema.

Muda huo wote kulikuwa na Madam wa maabara. Ndiye alibaki nasi jioni kabla ya kuenda kwake, akiwa bado na koti jeupe, akinirekebisha kiwiko nikitupa. "Kijana, usiusukume mpira, uachilie." Alikuwa amecheza enzi zake. Alijua kila mmoja wetu anaharibu wapi. Jina lake halikuwa kwenye daftari. Hakuna aliyemkataa, mimi nikiwemo. Hatukumfikiria tu. Na sikuwahi kumwomba msamaha, maana nilikuja kuligundua kosa nikisoma habari za Durham, 1950.

Kwa hivyo nafasi nyingine ya kocha ikitokea, Kentucky au timu ya mtaa wenu, nitabishana kama kawaida. Siachi, ni raha. Lakini nikimaliza orodha yangu nitaitazama tena kabla ya kuitoa, nijiulize ni nani anafanya hiyo kazi tayari na hakuna mtu amemtaja.

Kwenu ni nani?