Kutoka Mabwawa ya Malya hadi Vizimba vya Mwanza: Utafiti na Tija katika Historia ya Ufugaji wa Samaki

Ufugaji wa samaki Tanzania Bara ulianza kwa majaribio ya perege mwaka 1949 huko Korogwe, Tanga, na Malya, Mwanza. Insha hii inachunguza kwa nini mwanzo huo wa mapema haukuzaa ufugaji wenye tija katika miongo iliyofuata. Hoja yake ni kwamba utafiti ulikuwepo, lakini haukujibu maswali ya mfugaji: maji, chakula, mbegu na gharama.

Malya ilikuwa makao makuu ya Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947 na kuchimba malambo mengi kwa ajili ya mifugo. Katika mazingira hayo ilikuwa rahisi kudhani kwamba penye maji samaki atafugika. Hata hivyo, lambo si bwawa la samaki. Maji yake hupungua kiangazi, kingo zake hukanyagwa na ng'ombe, wala haliwezi kukaushwa ili kuvuna. Isitoshe, perege huanza kuzaliana wangali wadogo. Wasipodhibitiwa, bwawa hujaa samaki waliodumaa. Mabwawa mengi ya kipindi hicho hayakuzalisha kwa sababu ya usimamizi hafifu, teknolojia isiyofaa na ukame. Kampeni ya kitaifa ya mwaka 1967 nayo ilikwama kwenye usimamizi.

Wakati huohuo, utafiti wa ziwa lenyewe ulisonga mbele. Uchunguzi wa Michael Graham wa mwaka 1927 na 1928 ulipendekeza nyavu zenye macho yasiyopungua inchi 5 ili kumlinda ngege. Shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki liliwekwa Jinja mwaka 1947. Kuanzia mwaka 1977 watafiti wa Leiden walichunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Na TAFIRI ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1980. Kazi hizo zilitupa maarifa makubwa kuhusu samaki wa asili, hususan kutoweka kwa furu wengi baada ya sangara kuenea. Lakini sangara huyohuyo alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni. Maadamu ziwa lilitoa bila kulishwa, msukumo wa kumtafiti samaki wa kufugwa ulikuwa mdogo.

Kupungua kwa samaki ziwani kumebadili hali hiyo. Mwezi Januari 2024 serikali ilikabidhi vizimba vya mkopo kwa wafugaji jijini Mwanza. Tatizo la kudumaa sasa lina jawabu: kufuga sato madume watupu. Maswali mengine yamebaki. Dagaa wanaosagwa kuwa chakula cha samaki ndio kitoweo cha kaya maskini. Maji ya chini yenye oksijeni haba yanapopanda juu, samaki walio huru hukimbia; wa kizimbani hufa, na deni hubaki kwa mwenye kizimba.

Historia ya Malya inaonyesha kwamba idadi ya mabwawa si kipimo cha mafanikio. Vizimba navyo vipimwe kwa hesabu ya mavuno: gharama ya kila kilo, vifo vya kila msimu na kinachobaki baada ya kulipa mkopo. Utafiti unaokusanya hesabu hizo pamoja na wafugaji, msimu baada ya msimu, ndio uliokosekana tangu mwaka 1949.